Kuruka viunzi kwa farasi: Mchezo huu unadai nini, na kwa nini ni adimu ukingoni mwa Ziwa Kivu?

Kinyarwanda kina hazina kubwa ya maneno kuhusu ng'ombe: rangi ya ngozi, umbo la pembe, mwendo, hata heshima ya ukoo wa mnyama. Ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu zilizopinda kama kinubi, walikuwa na mahali pao katika ikulu za wafalme. Kwa farasi, hata hivyo, lugha hiyo ililazimika kukopa. Neno ifarashi limetokana na farasi ya Kiswahili, ambayo nayo imetoka katika Kiarabu. Jina lilisafiri kutoka pwani hadi Maziwa Makuu, na katika vilima vingi lilitangulia kufika kabla ya mnyama mwenyewe.

Anayesimama Nengo, mjini Gisenyi katika wilaya ya Rubavu, huona upande mmoja Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na upande mwingine njia ya kuelekea Goma na mlima wa volkano wa Nyiragongo. Hali ya hewa ni ya wastani, mvua hainyimi, na majani hayakosi. Kwa macho ya mgeni, hapa ni mahali pa kufuga farasi wa mchezo na kumfundisha kuruka viunzi. Kwa macho ya daktari wa mifugo, mambo ni mazito zaidi.

Mnyama aliyechelewa kufika

Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyelifikia Ziwa Kivu mwaka 1894 na kuupanda Nyiragongo, alikuja na msafara wa miguu. Mizigo ilibebwa mabegani mwa wapagazi, kama ilivyokuwa desturi ya misafara yote ya Afrika Mashariki wakati huo. Sababu haikuwa uhaba wa fedha za kununulia farasi. Farasi aliyetoka pwani alikuwa na nafasi ndogo mno ya kufika bara akiwa hai, kwani njiani alingojwa na ndorobo, mbung'o anayeeneza nagana, na na gonjwa jingine baya zaidi ambalo tutalirudia hapa chini.

Vita Kuu ya Kwanza vilithibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Aprili 1916, kikosi cha askari wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Jacob van Deventer kilikwenda mbio kuelekea Kondoa Irangi, katika Tanzania ya leo. Mji ulitekwa, lakini mamia ya farasi walikufa njiani na waliosalia walikuwa hoi, kiasi kwamba kikosi kilichoondoka juu ya matandiko kilimalizia safari yake sehemu kubwa kwa miguu.

Katika nyanda za juu za Kenya, mahali palipo baridi na pasipo na mbung'o, farasi alipata makao. Uwanja wa Ngong jijini Nairobi umekuwa kitovu cha mbio za farasi tangu mwaka 1954, na Beryl Markham, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kama rubani, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio nchini humo akiwa bado kijana sana. Mbio hizo ndizo zilizozaa, kwa njia ya pembeni, mchezo wa kuruka viunzi katika eneo hili: farasi aliyeshindwa kwa kasi, au aliyemaliza miaka yake michache ya mashindano, huuzwa kwa mpanda farasi wa ridhaa na kufundishwa kazi mpya.

Nchini Rwanda, mtu anayetaka kugusa farasi kwa mara ya kwanza hana haja ya kuvuka mpaka. Fazenda Sengha, katika Mlima Kigali, hupandisha wageni farasi. Kutoka Gisenyi ni safari ya yapata kilomita 150 kwa barabara.

Mchezo wenyewe

Kanuni ni chache na zinaeleweka kwa kuangalia duru mbili tatu. Uwanjani huwekwa viunzi, kwa kawaida kati ya 10 na 13, na mpanda farasi huvipita kwa mpangilio uliotangazwa, ndani ya muda uliowekwa. Fito ikianguka, pointi 4 za adhabu. Farasi akikataa kuruka mara ya kwanza, pointi 4 nyingine. Kwa kanuni za kimataifa, akikataa mara ya pili safari imekwisha. Mpandaji akianguka, amekwisha pia. Kuchelewa nako kuna adhabu yake. Wanaomaliza bila kosa hurudi kwa duru ya mwisho, fupi na ya kasi, na hapo saa ndiyo huamua.

Fito hazikufungwa. Zimelazwa tu kwenye vishikizo vyenye kina kidogo, ili kwato ikizigonga zianguke badala ya kumwangusha mnyama. Hata hivyo farasi hajui hilo, na ukuta wa mbao uliopakwa rangi nyekundu humtisha kama ukuta wa matofali.

Kuruka viunzi kuliingia katika Olimpiki mwaka 1900 mjini Paris, na kumekuwa humo mfululizo tangu Stockholm 1912. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1956, na tangu hapo wanashindana na wanaume katika orodha moja bila kutenganishwa. Umri nao si kizuizi kikubwa: Ian Millar wa Canada alishiriki Olimpiki yake ya kumi, London 2012, akiwa na miaka 65. Rekodi ya kimo ni kongwe. Februari 5, 1949, huko Viña del Mar nchini Chile, farasi aitwaye Huaso, akiongozwa na Kapteni Alberto Larraguibel, aliruka mita 2.47, na hadi leo haijavunjwa.

Mwanamichezo wa ridhaa hashughuliki na vimo hivyo. Viunzi vyake ni vya sentimita 60, kisha 80, na baada ya miaka kadhaa labda mita 1 au 1.10. Kinachomnyima usingizi ni umbali.

Farasi wa kimo cha kawaida, akiwa katika mwendo wa kuelekea kiunzi, hupiga hatua yenye urefu wa takriban mita 3.6. Huruka akiwa mita 1.8 hivi kabla ya kiunzi na hutua mita 1.8 hivi baada yake. Kwa hiyo viunzi viwili vilivyoachana mita 18 vina nafasi ya kutua, hatua nne kamili, na kuruka tena. Kabla ya mashindano kuanza, washindani huruhusiwa kuingia uwanjani kwa miguu, na ndipo mtazamaji asiyejua huona kituko: watu wazima waliovaa buti ndefu wakitembea kwa hatua ndefu zilizolingana, huku wakihesabu kwa midomo. Wamejizoeza kufanya hatua yao moja iwe sentimita 90, ili hatua nne za mtu ziwe hatua moja ya farasi. Wakipata ishirini, wanajua ni mita 18. Wakipata ishirini na mbili, wanajua tatizo limetegwa: mita 1.8 zimezidi, nusu ya hatua ya farasi, na itabidi waamue kumnyoosha afike kwa hatua nne ndefu au kumbana apige tano fupi. Uamuzi huo hufanywa mapema, kwa sababu ukiwa juu ya mnyama wa kilo 500 anayekimbia, muda wa kufikiri haupo.

Namna ya kukaa nayo ina historia yake. Hadi mwisho wa karne ya 19, mpandaji aliegemea nyuma wakati farasi akiruka na kumvuta mdomo kwa lijamu. Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia aliyefariki mwaka 1907, alichunguza jinsi farasi anavyoruka akiwa hana mtu mgongoni, kisha akafundisha kinyume chake: fupisha vikuku, inama mbele, legeza hatamu, mwache mnyama atumie shingo yake. Alipingwa mwanzoni. Leo hakuna anayeruka kwa namna nyingine.

Kiswahili cha pwani, ambako punda ni wengi kuliko farasi, kina majina ya miendo ambayo wengi wa bara hawayatumii tena: telki kwa hatua fupi za haraka, matiti kwa mwendo wa mchakamchaka, shoti kwa mbio kamili. Mwalimu anayefundisha upandaji kwa Kiswahili hana haja ya kuazima neno hapo. Mwanafunzi hukaa miezi kadhaa kwenye matiti, akipita juu ya fito zilizolazwa chini kwa nafasi ya mita 1.3 hivi, kabla ya kuonyeshwa kiunzi chochote.

Ugonjwa unaofunga mipaka

Tauni ya farasi ya Afrika husababishwa na virusi vyenye aina tisa, na huenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaozaliana katika udongo wenye unyevu na samadi. Pundamilia huweza kuwa na virusi hivyo bila kuugua. Farasi asiye na kinga, akipata aina inayoshambulia mapafu, hupanda homa, hupumua kwa shida, povu humtoka puani, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Katika aina hiyo vifo vinaweza kufikia asilimia 95. Hakuna dawa ya kuutibu.

Kuna chanjo, ambayo hutolewa kila mwaka, na kuna tahadhari za zizini: kumwingiza farasi ndani kabla ya machweo na kutomtoa hadi jua lichomoze, kuweka neti madirishani, kuzoa samadi kila siku, kukausha madimbwi. Ukingoni mwa ziwa, tahadhari hiyo ya mwisho ni rahisi kuandikwa kuliko kutekelezwa.

Dunia inauogopa ugonjwa huu kwa sababu umewahi kutoka barani. Kati ya 1959 na 1961 uliua farasi, nyumbu na punda zaidi ya 300,000 katika Mashariki ya Kati na Kusini mwa Asia. Mwaka 1987 uliingia Hispania kupitia pundamilia walioletwa kutoka Namibia. Mwaka 2020 ulizuka Thailand na kuua farasi zaidi ya 500. Matokeo yake ni kuwa nchi nyingi hazipokei farasi kutoka sehemu kubwa ya Afrika ila kwa masharti makali ya karantini. Kwa miaka mingi farasi wa Afrika Kusini waliokuwa wakielekea Ulaya walilazimika kukaa kwanza Mauritius.

Kwa mpanda farasi wa Afrika Mashariki hii ina maana moja: yeye anaweza kusafiri, farasi wake hawezi. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lililoanzishwa mwaka 1921 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi, lilibuni mashindano yanayoukubali ukweli huo. Badala ya washindani kukutana, waamuzi ndio husafiri. Viunzi hupangwa kwa ramani ileile na vipimo vilevile katika kila nchi, kila mmoja huruka nyumbani kwake, kisha matokeo hulinganishwa. Ni mashindano ya ajabu kidogo, ambayo mtu anaweza kushinda au kushindwa na mpinzani asiyemwona kamwe.

Ng'ombe si kipimo

Rubavu na vilima vya Gishwati ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Mtu anaweza kudhani kwamba anayejua ng'ombe anajua farasi. Makosa mengi yanayoua farasi katika nchi za wafugaji huanzia katika dhana hiyo.

Farasi hana tumbo lenye vyumba vinne. Tumbo lake ni dogo, halifiki lita 20, na hawezi kutapika. Ameumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku; akinyimwa majani kwa saa nyingi kisha akapewa nafaka nyingi kwa mkupuo, anaweza kupata msokoto wa tumbo. Hapo atagaagaa, atajitazama ubavuni, atatoka jasho, na asipopata daktari kwa wakati anaweza kufa kabla ya asubuhi. Mnyama wa kilo 500 huhitaji majani makavu yapatayo kilo 8 hadi 12 kwa siku na maji lita 25 hadi 50, zaidi akifanya kazi.

Majani nayo yana mitego. Baadhi ya nyasi za nchi za joto, zikiwemo setaria na kikuyu, zina oksalati inayoshika madini ya kalisi. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe huzimeng'enya. Mwili wa farasi hauwezi. Akizila peke yake kwa miezi, huanza kuchota kalisi kutoka mifupani, na mifupa ya uso huvimba. Wafugaji wenye uzoefu huchanganya nyasi na kuongeza alfalfa au kalisi. Lusina, mti unaopandwa na wakulima wengi kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na mbuzi, humfanya farasi anyonyoke singa za shingo na mkia.

Hatari mbili zaidi zimo dukani. Monensini, ambayo huongezwa katika baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku, huharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Na amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe inayotumika sana dhidi ya kupe, inaweza kuyasimamisha matumbo yake. Anayefuga farasi jirani na zizi la ng'ombe hana budi kutenganisha magunia, ndoo na pampu za dawa, na kuwaeleza wafanyakazi wote sababu, si mmoja tu aliyekuwepo siku ile.

Saa kumi na moja alfajiri

Mtunza farasi kwa Kiswahili ni saisi, neno la Kiarabu ambalo Waingereza nao walilizoea na kuliandika kwa namna yao hata Nairobi. Mashindano yakitangazwa, hutajwa jina la farasi na la mpandaji. La saisi halitajwi, ingawa ndiye anayemjua mnyama kwa undani kuliko wote: anajua anakula upande gani kwanza, samadi yake ya kawaida ikoje, mguu upi huwa na joto baada ya kazi.

Kazi yake huanza giza halijaisha. Hukagua kama chakula cha usiku kimeliwa, humpa maji na majani, huzoa zizi, huchokonoa kwato zote nne kutoa mawe na tope, hupiga brashi. Baada ya mazoezi humtembeza hadi pumzi itulie, humwosha miguu, na huipapasa akitafuta uvimbe. Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika na joto lake huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, saisi mwenye saa na kipimajoto hugundua ugonjwa siku moja kabla ya mwenye farasi. Mpanda farasi wa ridhaa ana ajira yake kwingine, na huja jioni au wikendi. Akiwa mwaminifu, atakubali kwamba kile anachokiita kuishi na farasi, kwa sehemu kubwa, mtu mwingine anakiishi kwa niaba yake.

Kila wiki sita hadi nane fundi wa kwato hukata na kulinganisha, na kupigilia vyuma vipya ikibidi. Meno hukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa huota ncha kali zinazokata mashavu. Mahali ambapo farasi ni wachache, fundi wa namna hiyo hawezi kupata riziki kwa kukaa. Lazima aitwe kutoka mbali, na nauli yake ni ya mwenye farasi.

Ardhi, kilima na mlima wa moto

Kwa mujibu wa sensa ya 2022, Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, wastani wa zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la wastani la familia halifiki hekta moja. Farasi mmoja anayetegemea malisho huhitaji karibu nusu hekta, na uwanja wa kuruka viunzi, hata ule mdogo wa mazoezi, unahitaji tambarare ya mita 20 kwa 40 angalau, laini kiasi cha kupokea kishindo cha kutua lakini isiyoteleza mvua ikinyesha. Mahali ambapo wakulima wanapanda matuta ili maharage yasisombwe na maji, sehemu tambarare ya ukubwa huo si jambo dogo la kuomba. Swali hili haliepukiki kwa mtu yeyote anayefikiria kuanzisha mchezo huu Rubavu, na jibu la kawaida ni farasi wachache wa shirika, si kila mtu na wake.

Kuna pia Nyiragongo. Mlima huo ulilipuka Januari 2002 na tena Mei 22, 2021, na mara hiyo ya pili matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba na barabara hadi Gisenyi, huku maelfu ya wakazi wa Goma wakivuka mpaka kwa miguu usiku. Mbuzi hupakiwa kwenye gari dogo, ng'ombe huswagwa na kundi. Farasi aliyeshikwa na hofu hakubali kuingia katika lori asilolizoea, na asipofundishwa kupakiwa katika siku za amani hatajifunza siku ya majivu. Anayefuga katika eneo kama hilo humpandisha lorini kila baada ya majuma machache, humlisha humo, humteremsha, bila kwenda popote.

Baada ya viunzi

Farasi huishi miaka 25 hadi 30. Aliyekimbia mbio huacha uwanja akiwa na miaka mitano au sita, huruka viunzi hadi labda kumi na minane, kisha hubaki na muongo mzima ambao hana kazi lakini ana njaa ileile. Wengine huwabeba watoto wanaojifunza, kwa matiti, na viunzi vya sentimita 40. Wengine magoti hayaruhusu hata hayo. Meno yakiisha, majani makavu humshinda na hulazimika kupewa chakula kilicholowekwa, mara nne au tano kwa siku.

Wanunuzi wanaouliza bei ya farasi ni wengi. Wanaouliza umri wake kwanza ni wachache, na wauzaji wazuri huwapendelea hao. Daktari wa mifugo akiitwa kwa mara ya mwisho, huuliza mambo mawili kabla ya kufungua mkoba: nani atamshika kichwa, na shimo litachimbwa wapi. Kwa mnyama wa kilo 500 shimo hilo huwa na kina kinachozidi kimo cha mtu, mbali na kisima na mbali na ziwa, na kwa kawaida saisi ndiye huwa ameshachagua mahali.